Mtihani wa Fisi Katikati ya Ziwa

Paukwa!
— Pakawa!
Mdomo wa mlafi?
— Hauna mlango!
Shavu la panya buku?
— Ndiyo ghala lake!

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na Fisi, na Fisi alikuwa na boti ya mashine pale ziwani. Aliipata vipi, msiniulize. Aliyekuwa nayo kabla yake hajaonekana tena. Mashine ilikuwa ikizimika kila mara, na fundi aliyeijua alikuwa mmoja tu, Panya Buku, mdogo, mnene kiasi, mwenye mashavu ya kuwekea akiba.

Fisi alimtazama fundi, mate yakamtoka. Akamwambia wazi kwamba atamla, ila si sasa. Kwanza amfundishe mashine. Siku atakayoweza kuitengeneza mwenyewe, siku hiyo fundi atakuwa kitoweo.

Buku aliogopa. Lakini akafundisha, tena akafundisha kweli. Mashine ikilia tk, tk, tk, alisema, betri haina nguvu au vichwa vyake vina kutu: sugua. Taa ikififia huku mashine inanguruma, chaji hairudi kwenye betri: fuata waya. Stata, ile ya kuiamshia mashine, ikizunguka wuu, wuu, wuu na mashine haiwaki, chomoa plagi, igusishe chuma, tazama kama inatoa cheche. Fisi akasugua, akafuata, akachomoa. Akajua. Kilibaki kibanio kimoja tu, chekundu, kimechomekwa chini ya swichi. Buku alimwambia hicho ni pambo, na Fisi, asiyejali kitu kisicholiwa, akaridhika.

Siku moja Fisi akawasha moto, akabandika sufuria.

"Mwalimu, nimehitimu."

"Hongera, bwana mkubwa. Lakini nani aliyehitimu bila mtihani?"

Fisi akaona kweli, majirani wangemsema. Wakaingia botini, wakaenda mpaka nyumba za ufukweni zikawa ndogo kama punje za mtama. Fisi alipofumba macho kupiga mwayo, Buku akachomoa kile kibanio, akakitia shavuni. Mashine, kimya.

Buku akasema mtihani ndio huo. Fisi akauliza mbona shavu limevimba.

"Jino, bwana."

Fisi akaanza. Taa? Inawaka. Betri nzima. Stata? Wuu, wuu, wuu. Nzima. Plagi? Akaichomoa, akaigusisha chuma. Cheche hakuna. Akatia plagi mpya. Cheche hakuna. Akafuata waya mpaka kwenye koili inayozalisha cheche, akarudi nao mpaka kwenye plagi. Cheche hakuna. Jua likapanda, njaa ikamuuma, na kule nyumbani sufuria inachemka bure. Kila alilofundishwa alilifanya, na alilifanya sawasawa. Kusema kweli, Buku aliona fahari kidogo.

Mwisho Fisi akaomba asaidiwe.

"Umeme ukienda lazima urudi," Buku akasema. "Nilikufundisha unarudi kwa njia gani?"

"Kwa mwili wa mashine."

"Na mwili wa mashine una mguu, uko majini. Umeukagua kama una kutu?"

Fisi akajipiga kipaji cha uso kwa kusahau jambo rahisi namna ile. Kwanza akairudisha plagi, akaikaza, akauchomeka waya wake, maana alifundishwa vizuri. Kisha akajitupa: chubwi! Buku akatema kibanio, akakichomeka mahali pake, akabonyeza swichi. Wuu, wuu, ngrrrrr! Boti ikaondoka. Fisi akauona mguu wa mashine ukimpita puani, safi kabisa, hauna kutu.

Akaogelea mpaka kwenye kisiwa cha mawe, na yuko huko hadi leo na ndege wa majini, akiwaeleza habari za chaji na cheche. Ndege wanasema anajua sana. Mashine ndiyo hana.

Hadithi yangu imetia nanga. Aliyeipenda ashuke nayo, asiyeipenda aniachie botini. Na kwa kuwa wazazi wenu hawataki hadithi isiyo na funzo, funzo ni hili: mwalimu mwema hamfichi mwanafunzi wake kitu. Ndivyo Buku anavyowaambia abiria kila asubuhi, akiwa ameketi kwenye boti yake.