Mbeleko ya Komba

Paukwa!

Pakawa!

Walioshiba je?

Wamekaa juu!

Na wenye njaa?

Wamekaa chini, wanasikiliza hadithi!

Basi sikilizeni. Hapo kale Komba alikuwa na mama mgonjwa. Mama hakutaka uji, hakutaka maboga. "Mwanangu," alisema, "nionjeshe ini la swala, hata kipande kidogo tu. Nikilipata nitainuka." Na Komba alikuwa hodari wa upinde. Ini lingemshindaje?

Aliyemshinda ni Nyani. Nyani alikuwa amejenga dungu, jukwaa la mbao la kuvizia, juu ya kila mti wenye panda kando ya njia wanayopita swala kwenda kunywa maji, na desturi ya msitu ilisema: mwenye dungu ndiye mwenye nyama. Komba alipanda, akavizia, akavuta upinde. Vuuu! Swala chini, puu! Nyani, aliyekuwa akikoroma pembeni khoo-khoo, akaamka.

"Nani mwenye dungu?"

"Ni wewe, mzee."

"Nani mwenye nyama?"

"Ni wewe, mzee. Lakini mama anaumwa. Naomba ini tu."

"Mpe pole," akasema Nyani, huku analitafuna.

Komba akarudi na kwato. Kesho yake tena: vuuu, puu, nani mwenye dungu, kwato. Kesho kutwa tena: kwato. Mama akachemshiwa kwato mpaka sauti ikampotea. Komba alimchukia Nyani, lakini alijichukia zaidi mwenyewe kwa kuitika "ni wewe, mzee."

Ndipo akashona mbeleko ya ngozi, kama ile ya kubebea mtoto. Akapanda mkuyu usio na panda, ambao Nyani alishindwa kuujengea dungu, akafunga kamba yake kwenye shina, akatia makalio ndani, akakanyaga shina na kuegemea nyuma. Mwanzoni alipinduka kichwa chini miguu juu. Mapaja yakafa ganzi, nyonga zikamuuma. Akajaribu tena, akaijua siri yake: ukikaa kwa uzito wote, fundo linakaza, ukijiinua kidogo kwa vidole, linalegea. Tena mbao za dungu hulia krii! krii! Mbeleko hailii. Swala akitokea huku, Komba alizunguka shina taratibu akamchungulia kutoka kule. Vuuu! Puu!

Nyani huyo, mbio.

"Nani mwenye dungu?"

"Dungu liko wapi, mzee?"

Nyani akatazama juu. Hakuna hata ubao. "Na hicho unachoning'inia?"

"Aa, mzee, takataka tu. Haikufai. Ukikaa humu swala wanakuja wenyewe, utachoka kula."

"Shuka! Kuanzia leo ni yangu!"

"Ni yako kweli, mzee?"

"Yangu, na nyama yake yangu!"

Komba akamfunga vizuri, kwa adabu zote. Nyani akaketi na tumbo lake lililojaa maini ya msitu mzima. Kamba nyiii! Fundo likakaza. Akafurukuta, likakaza zaidi. Akapinduka, kichwa chini.

"Komba! Nifungue!"

"Nani mwenye mbeleko?"

"Wewe! Ni yako, nimekurudishia!"

"La, mzee, ni yako. Na mwenye mbeleko hujifungua mwenyewe."

Komba akalitoa ini la swala likiwa bado na joto, akakimbia nalo. Alicheka njia nzima. Nyumbani akakuta majirani wamejaa uani. Mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Komba akasimama na lile ini mkononi mpaka likapoa.

Majirani wakaenda kumchukua swala, akapikwa matangani. Wakala, wakasifu: "Marehemu alikuwa na bahati, msiba wake una nyama." Nyani naye akaja, maana ndugu zake walikuwa wamemkatia kamba. Makalio yalikuwa yamechubuka vibaya, na sugu zake anazo mpaka leo. Kwa heshima ya uzee akapewa kiti cha mbele, akashindwa kukikalia. Akapewa sahani kubwa kuliko zote, hiyo akaiweza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba ajifute mdomo, mwenye njaa ajifute machozi. Na funzo lake, watoto, mlishike sana: subira huvuta heri, na mkubwa akila, amekula kwa niaba yenu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na wenye madungu.