Kidari cha Bibi Aikande

Sogeeni. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewagombanisha watu wazima.

Migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi Bibi Aikande, mjane mcheshi mwenye moyo mgonjwa. Mjukuu wake Elinami alijaliwa mikono ya ufundi. Nesi Manka, wa hospitali ya bondeni, alijaliwa macho yasiyopitwa na kitu. Jirani, Mzee Ndewirwa, alijaliwa kichwa kigumu: tangu wagombanie mpaka, aliapa hatavuka ua wa masale, mimea inayopandwa mpakani, kuingia kwa Aikande.

Elinami alimvalisha bibi yake kifaa kidogo kifuani cha kupima mapigo ya moyo. Vipimo vilirushwa hewani, vikipokezanwa na visanduku alivyovifunga juu ya mapaa, mpaka kwenye kompyuta ya hospitali. Lakini bila kisanduku juu ya paa la Ndewirwa visingefika. Elinami akaenda kumbembeleza.

"Bibi yako sisemi naye," mzee akajibu. "Ila moyo wake haujanikosea. Panda, ufunge."

Manka aliyatazama mapigo hayo kila siku. Siku moja yakaenda mbio ajabu, akapiga simu. Bibi akaangua kicheko: "Nimemvalisha mbuzi, mwanangu! Nilitaka kujua kama kinasema kweli." Hospitali nzima ikamcheka Manka. Wiki iliyofuata mapigo yakafifia. "Mbuzi huyo tena," wenzake wakamwambia. Manka hakujali kuchekwa. Alimpigia Bibi, simu ikaita bila kupokelewa, akampigia Ndewirwa, ambaye namba yake aliachiwa na Elinami.

Ndewirwa alifika kwenye masale akasita, akikumbuka kiapo chake. Kisha akavuka. Alimkuta Aikande ameanguka kando ya zizi, akambeba mgongoni hadi barabarani, akilia waziwazi: "Usife, Aikande, hatujapatana!"

Hospitalini Bibi akapona, na aliporudi akaagiza mbuzi yule yule achinjwe. Kwao kidari ni nyama ya heshima, na hupewa mtu mmoja tu.

"Bila visanduku vyangu, nani angejua?" Elinami akauliza.

"Na bila wa kuvisikiliza?" Manka akamjibu.

Ndewirwa hakudai kitu. Alisimama nje ya ua, jani la masale mkononi, lile ambalo kwao huombewa msamaha, akingoja kuitwa.

Bibi Aikande amekishika kidari, anawatazama mmoja mmoja. Mimi nawapenda wote watatu, na hapo ndipo taabu yangu. Je, kingekuwa mkononi mwako, ungempa nani? Semeni, nyama inapoa, na mzee bado amesimama nje.