Bi Ngiri na Mashimo ya Muhanga

Enyi mliokaa.

— Tumekaa.

Masikio yenu yako wapi?

— Yako kwako, yajaze.

Basi nayajaza. Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na kilima kando ya ziwa la magadi. Maji ya ziwa lile hayakunyweka. Lakini juu ya kilima palikuwa na chemchemi moja, tamu na baridi, na wanyama wote wa upande ule walikunywa hapo.

Kilima kile kilikuwa na mashimo, na aliyeyachimba ni Muhanga. Jamani, kucha za Muhanga ni ajabu ya Mungu. Ardhi ile ilikuwa ngumu. Mnyama mwingine akiiparua, kucha zinavunjika. Muhanga akiinama, hujamaliza kumwamkia, kesha zama chini na nyumba iko tayari. Alichimba, akachimba, akachimba, mpaka akagonga mwamba. Kilima kikajaa. Hapakubaki nafasi ya shimo jingine hata moja.

Yeye alilala katika shimo moja. Mengine yote aliwapangisha wenzake. Kodi yake haikuwa nzito: kila mwezi ukiandama, kila mpangaji alimtafutia kichuguu kimoja cha mchwa, naye akaenda akala akashiba.

Miongoni mwa wapangaji alikuwamo Bi Ngiri na wanawe wanne. Kila jua likishuka aliwatanguliza watoto shimoni, kisha akaingia yeye kinyumenyume, pembe zake zikitazama nje. Jirani yake mmoja alikuwa Nguchiro, muuaji wa nyoka. Jirani mwingine alikuwa Pimbi, aliyeshinda juu ya jiwe akitazama mbingu. Tai akitokea, Pimbi hupiga mbinja, na watoto wote hukimbilia ndani. Bi Ngiri naye alikuwa na kazi yake. Kila asubuhi aliifukua chemchemi kwa pua na pembe, maana mchanga uliiziba kila siku. Hakuna aliyewatuma. Ndiko kwao.

Mwaka mmoja wakaja heroe, wale ndege wa miguu mirefu na shingo ndefu.

Bi Ngiri alitoka asubuhi na wanawe, akasimama hapo hapo. Ziwa alilolijua halikuwapo. Mahali pake palikuwa na rangi ya mapambazuko, imelala chini, inapumua. Kisha ile rangi ikainuka, ikawa mabawa, maelfu kwa maelfu, ikalifunika jua, ikazunguka, ikatua tena juu ya maji. Hata kitinda mimba wake, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunyamaza, siku ile alinyamaza.

Habari ikasafiri. Kakakuona wakatoka misituni, mbweha wakatoka jangwani, wote wanakuja kutazama siku mbili, kisha waende zao. Walitaka pa kulala, na kila mmoja alikuja na kibuyu cha kumbikumbi waliokaushwa. Muhanga akaonja. Akaonja tena. Akajiambia kwamba mgeni wa siku moja analeta kinono kuliko mpangaji wa mwezi mzima.

Akaanza na Pimbi. Alimwambia kwamba shimo lake linatakiwa na mgeni. Pimbi alikusanya jamaa yake akazunguka ziwa, akapotelea ng'ambo.

Akafuata Nguchiro. Nguchiro aliuliza atoke mpaka lini. Muhanga akasema, mpaka wageni waishe. Nguchiro akatoka, nao wageni hawakuisha.

Wa tatu akawa Bi Ngiri.

"Sikufukuzi, Bi Ngiri," alimwambia. "Leta kibuyu cha kumbikumbi kila siku, kama wanavyoleta wageni, ukae."

"Bwana Muhanga, kumbikumbi hutoka mara moja kwa mwaka. Kila siku nitawatoa wapi?"

Muhanga akasema hilo halijui.

Bi Ngiri akashuka na wanawe kutafuta pa kulala. Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu naye alikwisha kusikia habari za vibuyu, akataka chake. Akaenda kwa Fisi. Fisi alikuwa anafagia pango, jambo ambalo hajapata kulifanya, anangoja wageni. Akaenda kwa Kenge. Shimo la Kenge lilikuwa tupu, hana mpangaji wala mgeni, lakini alikataa. Alisema mgeni huenda akaja kesho.

Bi Ngiri akalala kwenye nyasi, mwendo mrefu kutoka kilimani. Hata hivyo kila asubuhi alitoka na umande kwenda kuifukua chemchemi, kwa sababu mkono ukizoea kazi hauulizi.

Siku moja, jua la utosi, tai akashuka. Mbinja haikusikika, Pimbi hayupo. Shimo la kukimbilia halipo. Bi Ngiri aligeuka mara moja tu, akaona kivuli kinapanda juu, na watoto waliobaki ni watatu.

Tangu siku hiyo hakwenda tena kilimani.

Siku ya kwanza chemchemi ikapungua. Siku ya pili ikawa tope. Siku ya tatu mchanga ukaifunika, ungedhani hapakuwahi kuwa na maji. Wageni wakaamka na kiu. Katika shimo la Nguchiro wakamkuta nyoka swila amejikunja. Wakabeba virago vyao, na kabla ya adhuhuri hakuna aliyebaki.

Muhanga akaenda kuchimba maji. Kucha zile zilizoshinda ardhi ngumu zilishindwa na mchanga, akiutoa, unarudi. Akapita kwenye mashimo yake mwenyewe, aliyoyachimba kwa mikono yake, anapiga hodi, moja baada ya jingine. Kilima kizima, milango tele, na hakuna pumzi. Muhanga aliingiwa na hofu asiyoijua. Akashuka kumtafuta Bi Ngiri.

Alimkuta nyasini. Akahesabu watoto kwa macho, akaelewa, akakaa chini.

"Nilifuata maneno ya wakubwa," alisema. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Bi Ngiri aliwavuta wanawe watatu karibu.

"Wanasema. Lakini wewe ulimwacha mwenyeji gani apone?"

Muhanga alisema tu kwamba mtoto hawezi kumrudisha. Bi Ngiri akasema anajua. Kisha akatoa sharti lake: kwanza alale anayekaa, kwa kodi ile ile ya zamani; shimo litakalobaki, hilo ndilo la mgeni. Muhanga akawaita wanyama wa upande ule, akaapa mbele yao wote.

Ndipo Bi Ngiri akapanda kilima. Akapiga magoti, kama wapigavyo ngiri, akazamisha pua mchangani. Akafukua siku ya kwanza, kukavu. Akafukua siku ya pili, kukavu. Wanyama walimzunguka, midomo imepasuka kwa kiu. Siku ya tatu mchanga ukawa mweusi. Pakatokea tone, kubwa kama jicho. Kisha chini kabisa kukasikika sauti, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama, na maji yakapanda yenyewe, yakampita magoti, yakamwagika kuteremka kilima. Hakuna aliyekimbilia kunywa. Walisimama wote kama waliokwenda kuabudu. Muhanga aliinamisha masikio yake marefu mpaka yakagusa maji.

Nguchiro alirudi. Pimbi alitafutwa ng'ambo ya ziwa, hakuonekana, na hadi leo kilima kile hakina mbinja. Kila mama anajitazamia mbingu mwenyewe. Heroe walipokuja tena, wageni wachache walilala katika mashimo yaliyobaki, na waliokosa walitazama wakaenda zao. Muhanga alirudia mchwa wake. Hakunenepa, lakini hakuwa peke yake.

Basi, wenzangu, mgeni ni baraka, mpokeeni. Lakini msimtoe anayekaa ili mumlaze anayepita, kwa maana nyumba haihesabiwi milango. Huhesabiwa pumzi za wanaoamka humo kila siku.

Ngano yangu imehama kwangu, imehamia kwenu. Atakayeipangisha asiidai kodi.