Kokoto la Nakundwa

Hapo zamani, katika kijiji cha wafinyanzi milimani, mfinyanzi akifa, chungu chake cha mwisho kiliambiwa kitenzi kimoja cha kale, kisha kikavunjwa. Alipokufa Nakundwa, matangani hakujitokeza wa kukisema. Binti yake, Nasemba, akakivunja chungu kimyakimya.

Asubuhi chungu kilikuwa kizima, kibichi, kimepanda kimo kwa upana wa kidole. Kidole kimoja cha Nasemba kilikuwa kimekufa ganzi. Siku ya pili, kidole cha pili. Siku ya sita alishindwa kufunga kanga.

Akaja jirani, Bibi Nakiete. Kitenzi alikisikia utotoni, lakini maana yake hakuijua. Alijua tu kwamba anayekitamka kwa maiti asiye wake hupoteza sauti. Akakitamka. Chungu kikatikisika, kikatulia, kesho yake kikapanda tena. Tangu hapo Bibi hakusema neno lingine.

Akaja Naelijwa, dada mkubwa wa marehemu. Alisema maana ya kitenzi ni kuachia kitu ungali unakitaka.

“Ulijua siku zote hizi, mama mkubwa?”

“Nilijua. Nilitaka kwanza mama yako aje aniombe mwenyewe, hata ndotoni.”

Nasemba akakisema kitenzi, sasa akiijua maana. Chungu kikaacha kupanda. Vidole havikurudi.

Mwisho akaja Kirita, mchimba udongo. Kwao wachimbaji, kitenzi kilizaliwa shimoni.

“Halikuwa neno la msiba, mwanangu. Ni la mkono ulionaswa na udongo. Ukivuta, unazidi kushikwa. Unalisema, unalegeza.”

Akamshika Nasemba kiuno. Nasemba akatumbukiza mikono chunguni. Mle ndani mikono mingine ikaishika yake. Aliitambua kuwa ya mama yake kwa kovu la kidole gumba, na hakutaka kutoka. Akakisema kitenzi. Akalegeza. Chungu kikawa tope.

Vidole vikarudi, isipokuwa kimoja.

Desturi ilikuwa kwamba kokoto la marehemu la kusugulia vyungu hupewa aliyemfungua kutoka chunguni. Bibi Nakiete aligusa koo lake, akanyoosha kiganja. Naelijwa akasema kwamba neno lisilojulikana maana ni mlio tu, hata kasuku angeutoa. Kirita akasema wote wawili walisema wakachoka, chungu kikawatazama.

Nasemba amelifunga kokoto kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi analikuta limelowa, na ganzi imehamia kidole cha pili. Lazima alitoe leo, kwa mmoja tu, na akikosea hakuna wa kumwambia.

Je, ninyi mnaosikiliza, aliyemfungua Nakundwa ni yupi?