Bei ya Mgeni kwa Simbamarara

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa bei!
Bei ya nani?
— Ya mgeni, wee, mara mbili!

Hapo kale, yaani juzi tu, Nguchiro alihamia Korea. Ana digrii ya uchumi, fasti klasi, anaosha vyungu mgahawani. Mkewe ana mimba, na kila anachokula, hwaa! kinarudi. Kinachotulia tumboni ni tufaha peke yake.

Na matufaha ni ya nani? Ya Simbamarara wa sokoni. Bei yake haijaandikwa popote. Anaisoma usoni kwa mteja.

Akija Bata, mzaliwa wa pale: "Ssayo, ssayo! Rahisi, dada! Fungu elfu tano, na nyongeza hii."

Akija Nguchiro: "Elfu kumi."

"Mkubwa, Bata kalipa tano!"

"Bata ni wa hapa. Huo mkia wako ni wa wapi? Lipa au pisha!"

Nguchiro akalipa, akalipa, mpaka mfuko ukabaki vumbi. Mkewe akakonda.

Lakini macho alikuwa nayo. Kila asubuhi alimwona Simbamarara akipokea noti ya mteja wa kwanza, akiipuliza, fuu! fuu!, akiipaka ndevuni. Na siku mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, Simbamarara analia mkosi mpaka jioni.

"Kumbe!" akasema Nguchiro. "Huyu na mama vitumbua wa kwetu ni tumbo moja!"

Kesho yake akawa wa kwanza sokoni, gunia begani. Nyuma yake Digidigi, Kanga na Kima, wageni wenzake.

"Fungu bei gani, mkubwa?"

"Kumi."

"Haya, kazi njema." Tip, tip, tip, akaondoka.

"Wee! Rudi! Hujanifungulia biashara! Nane!"

Tip, tip, tip.

"Sita! Mwanangu, sita!"

"Leo nimekuwa mwanao?" Tip, tip, tip.

"Tano! Bei ya Bata!"

Nguchiro akageuka. "Sawa. Nipe yote."

"Yo-o-ote?"

"Meza nzima. Au niende?"

Ngrrr! Simbamarara akanguruma mpaka mizani ikatikisika. Akaufikiria mkosi. Akapakia. Wageni wakachanga, noti ikatoka, fuu! fuu! ndevuni.

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani tena, wewe!"

"Bata si hupewa?"

Akampa na kapu lenyewe.

Bata alipofika akakuta meza nyeupe, hakuna hata tufaha moja. "Kwaa! Kwaa! Na mimi je?" Soko zima likacheka. Asubuhi iliyofuata Simbamarara akaona gunia lile lile linakuja, tip, tip, tip. Haraka akachukua boksi, akaandika kwa makucha: FUNGU ELFU TANO, YEYOTE.

Nyumbani mke wa Nguchiro akang'ata tufaha, kacha! kacha! Wakasubiri. Wakasubiri. Halikurudi. Akaomba lingine.

Ngano imeisha, meza nyeupe: ikiwa tamu mle, ikiwa chungu mnirudishie.

Funzo, watoto: mgeni asibishane bei, asiamke mapema, wala asitembee na wageni wenzake. Na someni sana, vyungu bado viko vingi.