Mikono ya Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mikono yote niione, maana leo nitaihitaji.

Hapo zamani za kale, mawe ya dunia yakiwa bado na joto la kuumbwa, palikuwa na mwamba mkubwa katikati ya mbuga. Uliitwa Mwamba wa Sauti. Kwa nini? Kwa sababu pimbi waliokaa pale walikuwa wasemaji. Wee! Walisema asubuhi, walisema mchana. Pimbi akiota jua, anasema. Akitafuna jani, anasema. Akisinzia, bado anasema.

Na angani, juu ya mwamba, alizunguka Tai. Tai hakuwa msemaji. Tai alikuwa na macho, na masikio, na kucha.

Hapo mwambani alikaa mama pimbi mmoja, jina lake Mashavu. Mumewe aliitwa Mshindo, pimbi mwenye doa jeupe kisogoni. Walikuwa na binti mmoja tu, Siwema.

Siwema alisikia. Ukiangusha kijiwe, ka! anageuka. Ukimwita, anakuja mbio. Lakini kusema, hakusema. Watoto wenzake walianza na "ma" na "ba", wakafika kwenye "nipe" na "sitaki" na "huyu kanipiga". Siwema alibaki na "mm". Ana njaa, "mm". Ana kiu, "mm". Jua linamchoma, "mm". Na mama asipoelewa, Siwema alilia. Kwiii! Kwiii! Mwamba mzima uliitikia.

Na Tai akisikia kilio, alishuka kidogo.

Siku moja Mshindo alimchukua Siwema wakatafute majani upande wa chini wa mwamba. Mashavu akangoja. Jua likapinda, hawajarudi. Akashuka kuwatafuta. Akamkuta Siwema peke yake ndani ya ufa, anatetemeka mwili mzima. Mshindo hayupo.

"Baba yako yuko wapi?"

"Mm."

"Siwema, mwanangu, baba yuko wapi?"

"Mm! Mm! Kwiii!"

Jirani yao Bi Tunu hakukawia kuwa na jibu. "Mimi nilimwona kwa macho yangu haya," alisema. "Anaelekea magharibi, kwenye mwamba ule mwingine, wala hageuki nyuma. Kachoka, shoga yangu. Mume gani atavumilia mtoto bubu?"

Mashavu hakutaka kuamini. Lakini siku zilipita, Mshindo harudi. Siku zikapita tena, harudi. Maneno ya Bi Tunu yakamwingia polepole yakakaa. Mashavu akaacha kumtaja mumewe. Akimwaza moyo unamuuma, kisha unamkasirikia, kisha unamuuma tena.

Na Siwema alilia kuliko mwanzo. Akilia, Tai anashuka. Pimbi wanakimbilia mapangoni, puruputu! Wakitoka, wanamtazama Mashavu kwa jicho la pembeni.

Akaja mkuu wa mwamba, Mzee Ngwali. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu.

"Mama Siwema."

"Abee, mzee."

"Kilio cha mwanao kinamwita Tai. Leo hajapata mtu. Kesho atapata."

"Ni mtoto, mzee. Hajui namna nyingine ya kusema."

"Na wale wengine pia ni watoto. Mvua zikianza, kama bado analia hivi, mtahamia mawe ya bondeni."

"Mzee, bondeni hakuna mapango. Bondeni kuna fisi."

"Najua," alisema Mzee Ngwali. Akaondoka hata kabla hajajibiwa.

Mashavu akakaa nje ya pango lake, kichwa chini. Jirani na pale nyuki walikuwa wametundika sega lao kwenye jiwe. Nyuki mmoja akatua. Mashavu akamtazama tu, kwa kukosa la kufanya. Yule nyuki akatikisa kiuno. Akaenda mbele, akatikisa. Akazunguka, akarudi, akatikisa tena. Wenzake wakamsogelea, wakamfuata nyuma, wakamgusagusa. Halafu, vuuu! Wakaruka. Hawakutapatapa huku na huku. Walikwenda moja kwa moja, mbali kule, kwenye mti mmoja uliokuwa umechanua.

Mashavu akasimama. Manyoya yakamsimama pia.

"Amewaambia," alisema. "Mti uko wapi, amewaambia. Na hajatamka neno!"

Akamgeukia Siwema aliyelala pangoni. Akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

Kesho yake alianza. Juu ya jiwe palikuwa na kishimo chenye maji. Mashavu akamketisha mwanawe karibu yake. Akasema, "Maji." Akalamba mgongo wa mkono wake, lamba! Akampa maji. "Maji," lamba! Akampa tena. Alipompa jani alisema, "Jani," akafinya vidole pamoja. Alipotaka kulala alisema, "Lala," akaweka shavu kiganjani. Tai alipopita alisema, "Tai," akatanua mikono yote miwili. Kila neno na mkono wake. Kila mkono na neno lake.

Alichukua udongo mwekundu wa kichuguu, akachora kwenye ukuta laini wa pango. Mistari ya mawimbi, maji. Duara lenye miale, jua. Mabawa mawili, tai. Alikuwa akigusa mchoro, anasema neno, anafanya ishara. Na alipochoka alijiimbia, nanyi niitikieni:

Mkono useme! Useme!
Mdomo useme! Useme!
Njia yoyote! Ipite!
Neno lifike! Lifike!

Siwema alitazama tu. Jua likatoka likazama, anatazama. Mwezi ukajaa ukaisha, anatazama. Bi Tunu alipita akacheka. "Shoga, unafukuza nzi?"

Mashavu akaanza kukata tamaa. Asubuhi moja hakufundisha kitu. Alilala tu, mgongo kwa mwanawe, machozi yanamtoka kimya kimya. Akasikia kitu kinamgusa bega. Tap, tap. Akageuka.

Siwema alikuwa amekaa mbele yake. Akauinua mkono wake mdogo. Akaulamba. Lamba!

"Maji?" Mashavu alinong'ona.

Lamba!

Ah, jamani! Mashavu alikimbia kwenye kile kishimo kama mwenye moto nyuma yake. Akaleta maji, nusu yakamwagika njiani. Siwema akanywa. Akamaliza. Akamtazama mama yake, akalamba tena mkono, safari hii anacheka. Hakuwa na kiu. Alikuwa anaona ajabu. Ameinua mkono, na dunia imemletea maji!

Kuanzia hapo ikawa kama mlango umefunguka. Siwema alitaka kila kitu kiwe na mkono wake. Kipepeo je? Upepo je? Yule sisimizi anayepanda ukuta je? Mama asipokuwa na ishara, mtoto anaibuni. Siku moja alimvuta mama mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye jua, halafu akafanya "lala". Mashavu akafikiri, akafikiri. Jua, lala. Jua lala. Akatoka nje mbio, na kweli, jua lilikuwa linazama.

"Mwanangu," alisema, "umeunga maneno mawili!"

Na kilio? Kilipungua. Mwenye kiu aliyeweza kusema kiu hakuwa na haja ya kulia. Tai alizunguka juu, hakusikia kitu, akaenda zake.

Basi mawingu yakajikusanya. Tone la kwanza, ta! La pili, ta! Mvua zimeanza. Akaja Mzee Ngwali, na Bi Tunu, na pimbi wengine nyuma yao, wanasema wote kwa pamoja.

"Mama Siwema, kilio kimepungua, nakubali," alisema Mzee Ngwali. "Lakini naambiwa unamfundisha kusema kwa mikono. Mtoto wa pimbi husema kwa mdomo. Ukimzoesha mikono, utaua ulimi wake. Mwache apate shida ya kusema. Akibanwa sana, atasema."

"Mzee," alisema Mashavu, "amebanwa tangu azaliwe. Kubanwa huko kumemsemesha?"

Bi Tunu akadakia. "Ububu huuhuu ndio uliomkimbiza baba yake!"

Siwema alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia. Si niliwaambia alikuwa anasikia? Akainuka. Akaja mpaka katikati yao wote.

Akagusa kisogo chake.

Pimbi wakatazamana. Mashavu naye hakuelewa. Ishara ile hakuifundisha yeye. Siwema akagusa tena kisogo, akachota udongo mweupe pale mlangoni, akapaka doa palepale.

"Baba," alisema Mashavu. "Anasema baba."

Siwema akafinya vidole. Jani. Akaonyesha upande wa chini wa mwamba.

"Baba. Jani. Walikwenda kutafuta majani."

Siwema akatanua mikono yote miwili.

"Tai," alisema Mashavu.

Kimya. Pimbi ambao hawakuwahi kunyamaza tangu kuumbwa kwao walinyamaza, jii!

Siwema akaokota kijiwe kidogo, kidogo kabisa. Akajipiga kifuani, akaonyesha kile kijiwe. Mimi. Akakiweka chini. Akagusa kisogo, baba, kisha akajilaza juu ya kijiwe, akakifunika chote kwa tumbo lake. Akakisukuma kwa pua. Akakisukuma mpaka kikaingia kwenye ufa wa jiwe. Akauziba ule ufa kwa mgongo wake. Halafu akatanua mikono, akaitazama mbingu, na mikono ile ikapanda. Ikapanda, ikapanda. Ikaondoka na kisogo chenye doa jeupe.

Akashusha mikono. Akamtazama mama yake, kwamba umesikia?

Mashavu alikuwa amesikia. "Hakutukimbia," alisema. "Mume wangu hakutukimbia. Alimfunika mtoto. Alimsukuma mtoto ndani, akabaki yeye nje."

Siwema akawaongoza. Pimbi wote wakamfuata katika mvua. Wakafika kwenye ule ufa. Mzee Ngwali akainama mwenyewe, akachungulia. Mlangoni mwa ufa, jiwe lilikuwa limekwaruzwa kwa kucha ndefu, kucha zisizo za pimbi. Na pembeni, yamenasa kwenye mwiba, yalikuwepo manyoya machache. Meupe.

Bi Tunu alitazama chini. Mtu aliyemwona akielekea magharibi hakuwa Mshindo, au hakumwona mtu yeyote. Hakusema ni lipi. Tangu siku ile alipunguza maneno, na aliyosema aliyapima kwanza.

Mashavu akayachukua yale manyoya, akayaweka shavuni, akalia. Alikuwa amemkasirikia marehemu muda wote ule. Siwema akaja, akaweka shavu lake upande wa pili.

Mzee Ngwali akasimama mbele ya mtoto. Mkuu wa mwamba mzima, na hakujua aweke wapi mikono yake. Akamwambia Mashavu, "Mwanao alikuwa na habari hii kifuani siku zote hizi, na sisi tukasema hana la kusema. Nataka kumwomba samahani. Ishara yake ni ipi?"

"Sina, mzee," alijibu Mashavu. "Sikumfundisha. Sikudhani tutaihitaji."

Siwema alimtazama Mzee Ngwali usoni. Kisha akaushika ule mkono mzee, mzito, wenye makovu. Akakifungua kiganja. Akaweka kichwa chake mdogo humo kiganjani, akafumba macho.

Na hiyo ndiyo ikawa ishara ya samahani pale mwambani.

Hawakuhamia bondeni. Pimbi wakubwa kwa wadogo wakaja pangoni kujifunza. Mzee Ngwali alikuwa mzito wa vidole, alikuwa anaomba jani anapata maji, watoto wanamcheka. Kuta zikajaa michoro. Na ulimi wa Siwema, ule waliosema utakufa? Haukufa. Asubuhi moja alilamba mkono, na neno likatoka palepale pamoja na ishara, jembamba, limepinda, lakini neno: "Ma-yi." Baadaye yakaja mengine, moja leo, moja kesho kutwa. Mengine hayakuja kamwe, na hayo aliyasema kwa mikono mpaka uzeeni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi wanangu, nanyi wazazi mlio nyuma, sikieni. Mtoto asiyesema si mtoto asiye na la kusema. Mpe mkono, mpe picha, mpe sauti, mpe vyote kwa pamoja, na wewe uwe wa kwanza kuvitumia. Ishara haimnyang'anyi mtoto neno. Humpa njia wakati neno halijafika.

Hadithi yangu imeishia hapo, naiweka chini taratibu isivunjike. Mliyoyasikia ni yenu. Mliyoyaona mikononi mwangu ni yenu pia.