Tezo ya Kondo

Sogeeni motoni niwasimulie. Mmesogea? Haya.

Paliondokea mchonga ngoma, jina lake Kondo. Ngoma yake ikilia, hata mgonjwa huinuka kucheza. Lakini hakumfundisha mtu. Alipokaribia kufa akasema, "Nizikeni na tezo yangu ya kuchongea." Wakamzika nayo.

Zama zikapita, akazaliwa upya, tezo ile ile imelala ubavuni pake. Akachonga, akasifiwa, akafa, akazikwa nayo tena.

Zama zikapita, akazaliwa mara ya tatu. Safari hii alikumbuka yote: wake aliowazika, watoto, na nyimbo za zamani ambazo hakubaki mtu wa kuziitikia. Watu walicheza ngoma zake uwanjani. Yeye alikula peke yake.

Siku moja akaenda kukata mvule. Akaugonga mara tatu kuuomba ruhusa, kama ilivyo desturi ya wachongaji. Mvule ukasema, "Kondo, umerudi tena?"

"Nimechoka kurudi. Wenzangu wote wamepumzika, mbona mimi sipumziki?"

"Ufundi wako hauna pa kukaa ila kwako. Kila ukizikwa nao, unakurudisha."

Kondo akarudi mbio, akamwita jirani yake, Mwanahawa, aliyekuwa amemwomba amfundishe kazi mara tatu, naye akamfukuza mara tatu. Akampa tezo.

"Shika hapa, mwanangu. Siyo hivyo. Hapa."

Akamfundisha mpaka nguvu zikamwishia. Kondo akafa, akazikwa mikono mitupu.

Arobaini ilipopita, Mwanahawa akapiga ngoma yake ya kwanza. Ikalia vizuri mno. Kondo hakurudi kuisikia, wala zama zilipopita hakurudi.